Mgonjwa Namba Nne

Jumatatu, 3 Februari 1975

Barua imefika zahanati. Nimeisoma kabla ya Bwana Donatus, maana mimi ndiye ninayefungua mlango asubuhi. Bwana Donatus ndiye mganga wetu. Mimi, Ansgar, ni dresa: nafunga vidonda, nachemsha sindano, nafagia.

Barua inasema wataalamu kutoka Dar es Salaam wanapita wilayani Kahama kuulizia dawa za miti shamba. Hapa kijijini watafika Ijumaa ya tarehe 21. Mwenye dawa ajitokeze, aje na ushahidi wa watu waliopona.

Nimeirudisha ndani ya bahasha na kuilamba. Haikushika. Nimepaka uji.

Siku nzima nimefikiri. Mwaka huu kijiji kizima kina ugonjwa mmoja: kizunguzungu. Mvua zimekataa, tunaishi kwa mgawo wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada. Mtu akiinuka anashika ukuta kwanza. Mwenye dawa ya kizunguzungu ndiye atakayepanda Landrova ya wataalamu. Atapewa koti jeupe. Langu ni la kaki na halina kifungo cha juu.

Dawa sina. Lakini mama mkwe anayo. Watu hutoka mpaka Ushirombo kumfuata.

Anisia leo hakuwa na hamu ya kula. Kaniachia sahani yake. Nimeoa mke mwema.

Jumanne, 4 Februari

Nimemtuma Anisia kwa mama yake akaulize dawa imetengenezwa na nini. Mimi kama mkwe siwezi kwenda kumdadisi Mama Serafina uso kwa uso. Jibu limerudi: kama naumwa niende nikatibiwe, kama siumwi nifunge vidonda.

Anisia alichelewa kurudi. Anasema alikaa kwenye jiwe njiani kwa sababu nchi ilikuwa inazunguka. Nimemwambia asipende kukaa juani.

Habari mbaya. Tarsisi naye anajiandaa. Tarsisi ni mwalimu wa elimu ya watu wazima, ana redio, kwa hiyo anajua kila kitu. Anadai kizunguzungu ni mtu aliyezunguka kwenda kulia bila kujijua. Tiba yake: unamzungusha mgonjwa kwenda kushoto mara saba, halafu unamnusisha ugoro. Watu wanapanga foleni. Kijiji hiki hakina akili.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeumwa kizunguzungu. Nilianza kuumwa nilipofika kwenye ua wa minyaa wa Mama Serafina, siyo kabla. Binti yangu Salvina, ambaye yuko kwa bibi yake tangu njaa ianze, aliuliza kwa nini baba anatembea kama bata.

Mama Serafina alisimama mbali, kagoma kunitazama usoni kama ilivyo heshima. Akauliza, "Mkwe, umekula nini leo?"

Nikasema sijala tangu jana. Nilikuwa nimekula sahani mbili.

Akanilaza kwenye jamvi barazani, miguu juu ya kinu kilicholazwa. Akaleta uji wa ulezi, kibuyu kizima. Ulezi ule najua ni wa Salvina. Nikanywa. Ulikuwa mtamu. Kisha akasema nisiinuke mpaka kivuli cha ghala kifike mlangoni. Nikalala kweli. Nilipoamka akanikalisha, akanipa kikombe cha dawa ya rangi ya udongo, kali, inanukia tangawizi, nikaagizwa ninywe polepole. Fundo la mwisho nimelificha shavuni. Nyuma ya ua nikalitema kwenye kichupa cha sindano. Salvina aliona. Nikaweka kidole mdomoni.

Njiani nimeona aibu kwa ajili ya ule ulezi. Nikanusa kichupa, aibu ikapungua.

Jumamosi, 8 Februari

Utafiti. Tangawizi imo, hiyo haina ubishi. Lakini kuna mzizi fulani unaokausha ulimi. Nimemuuliza Bwana Donatus kwa mbali, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa. Amesema mizizi mikali katika pori hili ni mingi kuliko watu wa Kahama.

Basi nimeamua mwenyewe. Tangawizi kwa harufu. Majani ya mpera kwa ukali. Majani ya chai kwa rangi. Nimechuja kwa bandeji, bandeji mpya. Nimeipa jina: Ansgarini. Linasomeka vizuri kwenye chupa.

Jumatatu, 10 Februari

Bwana Donatus alikwenda kupima watoto upande wa pili wa kijiji. Nimefanya majaribio kwenye benchi la wagonjwa. Wanne.

Namba moja, Mzee Clemens. Akanywa. Nikamuuliza hali. Akasema ni ile ile. Nikamuuliza tena. Ile ile. Nikamuuliza mara ya tatu, akasema, "Nafuu, baba, ili niende." Nimeandika: nafuu.

Namba mbili na namba tatu ni mtu na dada yake. Nafuu, nafuu.

Namba nne nilikuwa sina. Anisia akatokea ameniletea viazi. Nikakumbuka alivyokaa kwenye jiwe njiani. Nikamkalisha, nikampa kikombe. Akanywa chote. Alinitazama kitambo, akasema, "Nafuu, Baba Salvina." Sikuhitaji hata kuuliza mara ya pili. Shahidi bora wa wote. Nimeandika: mwanamke, miaka 24, kizunguzungu wiki tatu, kapona kabisa.

Jioni Bwana Donatus kalikuta daftari. Hakugomba. Aliuliza jambo moja tu: "Na wale ambao hawakunywa, wamekuwaje?"

Nikamweleza kwamba ambao hawakunywa hawamo daftarini, kwa sababu hawakunywa.

Akasema basi sijui chochote. Kizunguzungu cha kuinuka, alisema, mara nyingi hupita chenyewe. Mkalishe mtu nusu saa, mpe kikombe cha maji, atakwambia nafuu vilevile. Akaniagiza nisimpe mtu kitu tena kwa jina la zahanati. Nimesema ndiyo, bwana. Hakusema lolote kuhusu nyuma ya kanisa.

Jumatano, 12 Februari. Majivu

Baada ya misa, nyuma ya kanisa, nimemwonyesha Bwana Donatus kwamba anakosea. Yaani hayupo, lakini nimemwonyesha. Watu kumi. Watano nimewapa Ansgarini. Watano nimewapa maji ya kisima yenye chumvi kidogo, bila kuwaambia.

Matokeo. Ansgarini: nafuu watatu. Maji: nafuu wanne. Mmoja wa maji aliomba apewe chupa ampelekee shemeji yake.

Nimechana ukurasa. Nimekaa kwenye jiwe la msingi huku majivu yakinichuruzika na jasho mpaka puani. Asubuhi padri alisema mwanadamu ni mavumbi. Amelisema kila mwaka, lakini leo ndiyo mara ya kwanza niliona anasema na mimi peke yangu.

Anisia amefunga. Kwaresima. Namwambia kufunga kuna kipimo, mtu ale hata kidogo. Anasema hana neno. Sahani yake nimekula mimi, chakula kisiharibike.

Jumatatu, 17 Februari

Maandalizi. Mzee Clemens amenikimbia, Tarsisi kamwahidi kusikiliza redio kila jioni. Namba mbili na dada yake wamegombana, kila mmoja hataki kusimama karibu na mwenzake. Nimebaki na Anisia. Sawa. Shahidi mmoja mzuri anashinda kumi wabaya.

Nimemfundisha maneno. Atasimama katikati ya uwanja, atasema: mimi nilikuwa naona dunia inazunguka, nikanywa dawa ya Ansgar, sasa nimesimama. Ameyashika upesi. Akauliza kama anaweza kuyasema akiwa amekaa.

Nikamweleza kwa upole kwamba mtu aliyepona kizunguzungu halafu akakaa, huyo siyo ushahidi.

Ijumaa, 21 Februari

Naandika kwa sababu sijui nifanye nini kingine na mikono.

Landrova ilifika saa nne. Mkuu wa msafara ni mwanamke, Daktari Euphrasia, bado kijana, anasikiliza kuliko anavyosema. Uwanja ulijaa. Viongozi wote wa kijiji walikuwepo.

Alianza Tarsisi. Akamzungusha Mzee Clemens kwenda kushoto mara saba, akamnusisha ugoro. Mzee akapiga chafya, akaelekea kwa mwenyekiti wa kijiji badala ya kwenye kiti chake, akamkalia. Daktari hakucheka. Alimuuliza Tarsisi kama yeye mwenyewe amewahi kuzungushwa. Tarsisi akasema yeye haumwi. Nilifurahi sana. Nataka iandikwe kwamba dakika ile nilikuwa nimefurahi.

Kisha mimi. Nikasoma daftari kwa sauti. Daktari akaonja Ansgarini, akauliza, "Hii siyo chai yenye mpera?" Nikasema kuna zaidi ya hapo, na kwamba ushahidi unasimama. Nikamwita Anisia.

Akaja katikati ya uwanja. Jua lilikuwa utosini. Akasema, "Mimi nilikuwa naona dunia inazunguka." Akanyamaza. Nikamtikisia kichwa aendelee. Akasema, "Nikanywa dawa ya Ansgar." Akanitazama mimi, siyo wataalamu. Akasema, "Sasa nimesimama," akaanguka.

Hakujikinga hata kwa mkono.

Daktari alifika kwake kabla yangu. Akamlaza, akainua miguu yake, akavuta kope la chini kwa kidole. Ndani palikuwa peupe kama karatasi. Hata mimi nilipaona, na kazi ya kuvuta kope naijua, nimemsaidia Bwana Donatus kuifanya mara mia.

"Umekula nini leo, mama?" daktari akauliza.

Anisia akafumba macho.

"Na jana?"

Sauti ikatoka kwenye umati. Ilikuwa ya Mama Serafina. "Hajala vizuri tangu Noeli. Chakula chake anampa mumewe. Na ana mimba ya miezi minne." Watu walimpisha. Alikuja mpaka mbele yangu, akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimuoe binti yake. Alinitazama usoni. "Mkwe," akasema, "na wewe kazi yako ni zahanati. Hukuona?"

Nilikuwa bado nimeshika daftari, limefunguka. Daktari akalichukua taratibu. Akasoma namba nne. Kapona kabisa. Akalifunga, akanirudishia. Afadhali angenigombeza.

Jumamosi, 22 Februari

Anisia yuko kwa mama yake. Bwana Donatus kampa vidonge vya kuongeza damu na kuagiza maini, mboga za majani na mapumziko. Mimi kaniambia nifagie. Nimefagia mara mbili mahali pamoja.

Wagonjwa wananisalimia kama kawaida. Shikamoo dresa, habari za nyumbani. Kila mmoja anauliza habari za nyumbani.

Jioni Tarsisi alikuja. Nilijua anakuja kunicheka, nikawa nimeandaa maneno. Akaweka redio juu ya kigoda, akakaa, tukasikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho. Akaondoka. Hakuligusa lile jambo kabisa. Ningemstahimili akinicheka.

Nimepika mgawo wangu. Sahani moja. Nimeimaliza na nikabaki na njaa, nikakaa nikiitazama. Miezi miwili nilidhani sahani mbili ndicho kipimo cha mtu. Nilidhani mgawo wa serikali si haba.

Jumatatu, 24 Februari

Nimekwenda kuomba radhi. Nimebeba jogoo, wa mwisho. Nilisimama nje ya ua wa minyaa muda mrefu kwa sababu sikujua kama naruhusiwa kubisha hodi. Salvina ndiye aliyeniona, akakimbia kusema baba yuko nje na leo anatembea vizuri.

Mama Serafina alipokea jogoo bila kunitazama. Nikashukuru kwamba hanitazami. Nikamwambia yote, hata habari ya ulezi. Hata kichupa.

Akasema, "Ulezi niliujua. Mtu mwenye njaa hanywi uji vile. Wewe uliunywa kama mtu anayeonja."

Nikauliza kwa nini basi alinipa.

"Uliniambia hujala. Ningekunyima?"

Tukakaa. Halafu, Mungu anisamehe, nikauliza wataalamu walimwambia nini kuhusu ule mzizi.

Hakukasirika. Alisema daktari alikuja mpaka barazani pake, akauliza mzizi unatibu nini. "Nikamwambia sijui kama unatibu. Najua mtu akishakunywa uji huinuka upesi kwenda zake, anaanguka tena langoni. Nikimpa kitu kikali anakinywa polepole, muda unapita, damu inatulia. Mama yangu alifanya hivyo. Labda mzizi unafanya kazi, labda ni kule kukaa. Mimi sijawahi kumpa mtu mzizi bila uji, nitajuaje?"

"Na daktari akasemaje?"

"Akaandika. Akasema hata yeye hajui. Amechukua kipande wakapime. Tangawizi nayo watu wengi wanaisifu kwa kichefuchefu, watapima. Akanishukuru kwa kusema sijui. Anasema amezunguka vijiji tisa na hilo neno hajalisikia."

Kisha akaniruhusu niingie. Anisia alikuwa amelala jamvini, miguu juu ya mto. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Lililotoka ni moja tu, nisamehe, tena kwa sauti ndogo.

Alinishika mkono wa koti, pale pasipo na kifungo. Akauliza, "Umekula?"

Nikasema ndiyo. Sikuwa nimekula. Nadhani huo ndio uongo wangu wa kwanza wenye maana. Nikatoka nje upesi, nikasimama nyuma ya ghala mpaka macho yakauke.

Jumapili, 9 Machi

Anisia amerudi nyumbani. Wiki mbili za maini, matembele na vidonge kwa mama yake, na sasa kope la chini lina wekundu. Mimi mwenyewe nalivuta kila asubuhi. Chakula anakula yeye kwanza, mimi nashika sahani yangu baada yake. Mama Serafina alituletea ulezi, akaukabidhi kwa Anisia, siyo kwangu. Nimeona ni haki.

Mtoto amecheza tumboni. Anisia ameuweka mkono wangu pale, nikasikia.

Nimemuahidi Bwana Donatus kwamba mambo ya dawa basi. Nimeapa. Na nitatimiza, kwa sababu hili siyo dawa.

Jambo lenyewe ni hili. Jumatano, siku aliyorudi Anisia, paa lilikuwa linavuja juu ya kitanda, mvua hatimaye zimeanza. Nikakigeuza. Kichwa kilikuwa kinaelekea Kahama, sasa kinaelekea Ziwa. Tangu Jumatano hiyo Anisia hajashikwa na kizunguzungu hata mara moja. Hata mara moja. Siku nne mfululizo.

Mama mkwe atasema ni maini. Bwana Donatus atasema ni vidonge. Kila mtu huvutia kwake. Lakini maini alikula wiki mbili kwa mama yake na bado alikuwa akiinuka anashika mlango, ameniambia mwenyewe. Hapa, siku nne tu. Na hakuna mti uliochimbwa, hakuna kilichochemshwa, bandeji zote ziko salama kabatini. Nani atanikataza kugeuza vitanda?

Kesho naanza na Mzee Clemens, kisha nyumba zote za mstari wa kanisa. Vitanda kumi na viwili vitatosha. Nikimaliza namwandikia Daktari Euphrasia. Nimeshaanza: Kwako Daktari, utakumbuka mimi ni yule ambaye.

Anisia ameniona naandika. Kauliza naandika nini. Nikasema sala.

Aibu ilinishika palepale, kifuani, kama kikohozi. Kisha ikapita. Nadhani nayo inategemea mtu amelala ameelekea wapi.